Mlingoti kwanza, mota baadaye: gharama za kugeuza antena Ufipa

Mwenye leseni ya redio za ridhaa anayeishi Sumbawanga ana bahati ya kijiografia inayoweza kumwokolea zaidi ya shilingi milioni moja. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kutoka mjini hapo hadi London kwa njia fupi kuliko zote: uzi unaelekea nyuzi 339 za dira, yaani kaskazini ukiegemea magharibi. New York iko nyuzi 310, Los Angeles 317. Upande wa kulia wa kaskazini, Maskati iko nyuzi 39, Delhi 48, Tokyo 55. Ulaya, Amerika Kaskazini, India na Japani, ambako ndiko waliko wengi wa watu utakaozungumza nao kwa mawimbi mafupi, wote wamekaa ndani ya kipande kimoja cha nyuzi 105 mbele ya uso wako. Wanaobaki nje ni wachache: São Paulo kwenye 248, Sydney kwenye 130, na jirani zetu wa kusini mwa Afrika.

Namba hizo zitangulie dukani kabla ya pochi. Antena ya Yagi ya vijiti vitatu hutupa nguvu zake kwa upana wa nyuzi 60 hivi kabla hazijapungua hadi nusu. Ukiikaza isigeuke kabisa, ikitazama nyuzi 325, London inakuwa pembeni kwa nyuzi 14 na New York kwa nyuzi 15. Umewapata wote wawili kwa bolti nne tu. Kwa hiyo swali la kwanza siyo ununue rotata gani, yaani mota ya kugeuzia antena, bali kama unahitaji rotata mwaka huu.

Kwa anayetaka kuongea na nyumbani tu, jibu ni rahisi. Mbeya iko kilomita 230 hivi kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam kama 850. Masafa hayo yanataka waya wa dipoli wa megahezi 7, urefu wa mita 20 hivi, uliotundikwa mita 8 hadi 10 juu ya ardhi. Mawimbi yanapanda angani karibu wima na kurudi chini yakitandaa pande zote. Hakuna cha kugeuza. Wazee wanaoikumbuka redio kol watautambua waya wa namna hiyo. Nguzo mbili, waya na kebo ya antena, basi. Anayeanza na mfuko mwembamba aanze hapo, asione haya.

Tuje kwa anayetaka dunia. Ana njia nne: kuifunga antena isigeuke, kuigeuza kwa mkono, kuigeuza kwa mkono wa umeme wa dishi kubwa la setilaiti, au kununua rotata iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Zote nne zinasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni mlingoti: lile bomba linalotokeza juu ya mnara na kushika antena. Huko ndiko watu wanakobana shilingi isiyopaswa kubanwa.

Uwanda wa Ufipa ni nyasi tupu kwa sehemu kubwa, mji wa Sumbawanga ukiwa kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiangazi upepo wa kusini-mashariki hauna msitu wa kuuzuia. Fanya hesabu ya upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiipiga antena ya eneo la mita za mraba 0.4, ambalo ndilo la Yagi ya kawaida ya vijiti vitatu kwa bendi tatu. Unapata msukumo wa kama kilo 23. Siyo nyingi. Lakini kilo 23 zikisukuma mita moja juu ya mnara na zikisukuma mita tatu juu ya mnara ni mambo mawili tofauti: pale bomba linapotokea mnarani, mkazo wa kulipinda umezidi mara tatu. Na ikiwa ndani ya mnara bomba limeingia nusu mita tu kabla ya kufika kwenye rotata, rotata hiyo inasukumwa kando kwa nguvu ya karibu kilo 138. Shusha antena iwe mita moja juu, zamisha bomba mita moja na nusu ndani ya mnara, na msukumo kwenye rotata unashuka hadi kilo 15 hivi. Marekebisho hayo hayakugharimu chochote. Ni suala la kuamua ngazi ya kuweka jukwaa la rotata kabla fundi hajachomelea.

Sasa bomba lenyewe. Madukani utakuta aina mbili zinazofanana kwa mbali. Kuna bomba la fenicha, jeusi, jembamba, la kutengenezea vitanda na viti, hilo liache. Kuna bomba la maji lililopakwa zinki, la GI, linalouzwa kwa urefu wa mita 6. La inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na, kwa daraja la kati, unene wa milimita 3.2. La inchi mbili lina milimita 60.3 kwa nje na unene wa 3.6. Bei ya chuma hufuata uzito, na bomba zima la kwanza lina kilo 22 hivi, la pili kilo 30. Kwa mfano wa hesabu tu, muuzaji akikutoza shilingi 4,000 kwa kilo, la kwanza ni kama 87,000 na la pili kama 121,000. Weka bei ya duka lako, uwiano hautabadilika sana. Umeongeza asilimia 40 ya fedha. Lakini nguvu ya kupinga kupinda imeongezeka kwa karibu asilimia 80, kwa sababu upana wa bomba huzaa nguvu kuliko unene wake. Sijaona katika shughuli hii nzima mahali ambapo shilingi 35,000 hununua kitu kikubwa zaidi ya hicho.

Kabla ya kulipa, usitazame ncha ya bomba pekee, maana ncha ikikatwa kwa mashine ya kubana huvimba ukingoni na kuonekana nene. Omba wakukatie kipande kidogo kwa msumeno, kisha pima ukuta wake kwa kalipa pande tatu. Ikikutokea 2.3 upande mmoja na 3.2 upande mwingine, hilo ni bomba la kupitishia maji bustanini. Na lisiwe na kiungo cha kusokota katikati: pale penye uzi wa kusokota ukuta umechongwa karibu nusu, na hapo ndipo patakapokatikia.

Ukilazimika kuchomelea bomba la GI, zinki ikwanguliwe kwanza pale penye moto. Moshi wake unaumiza mapafu ya fundi, na weldi iliyopita juu ya zinki huwa na matundu. Baadaye pakwe rangi yenye zinki, la sivyo mvua ya Desemba itaanza kutu hapohapo. Mafundi wa kuchomelea wa Sumbawanga wanaiweza kazi hii bila shida. Hii ni nchi ambayo wahunzi wake waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru ndefu za udongo zilizompita mtu kimo. Wanachohitaji kutoka kwako ni mchoro wenye vipimo, si maelezo ya kuonyesha kwa mikono.

Kuhusu mnara wenyewe nitapita haraka. Nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa, kama zile za umeme zinazotoka Mafinga na Njombe, ni nafuu kuliko mnara wa chuma wa kusuka, na ikivutwa kwa waya pande tatu inabeba Yagi ndogo vizuri. Kasoro yake ni kupanda: hakuna jukwaa la kusimamia wala nafasi ya kuweka rotata ndani. Mnara wa chuma wa pembe tatu hugharimu zaidi lakini unakupa ngazi. Kwa mji ambao kukodi kreni ni gharama nzito, mimi ningeongeza fedha kwenye bawaba ya chini, mnara uweze kulazwa kwa winchi ya mkono. Kila matengenezo yajayo yatafanyikia ardhini. Popote utakapousimamisha, uwe mbali na nyaya za TANESCO kwa zaidi ya urefu wa mnara pamoja na antena, hata ukianguka usizifikie.

Sasa kugeuza. Njia ya mkono ndiyo ninayoipigia debe kwa Ufipa, na sababu ni zile nyuzi 105. Bomba la mlingoti linaendelea hadi chini, likishikwa na mikono ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo, na kitako chake kinakaa juu ya bering ya tairi la gari iliyofungiwa kwenye kikombe cha chuma. Chini unachomelea mpini wa sentimita 60 na sahani yenye matundu kila baada ya nyuzi 15. Kuanzia 310 hadi 55 ni matundu 8 tu. Ukiongeza mawili kwa ajili ya Sydney na São Paulo umemaliza dunia. Unatoka nje, unavuta pini, unazungusha, unarudisha pini. Ukiacha bomba lenyewe, bering iliyotumika, sahani na siku ya fundi haziwezi kuvuka laki mbili au tatu, kwa makadirio yangu, hata ukiwa mkarimu. Kitu kikiharibika, kipuri kiko kwenye duka la spea la barabara ya Tunduma. Taabu yake ni usiku wa Julai, baridi ya Sumbawanga inapouma, na wewe unataka kutoka Ulaya kwenda Japani katikati ya maongezi.

Njia ya mkono wa umeme wa dishi inafaa kuangaliwa kwa sababu bado yapo madishi makubwa ya zamani ya futi 8 na 10 yaliyosahaulika nyuma ya nyumba na taasisi. Ule mkono wake unaorefuka na kufupika una skrubu ndani na mota ya volti 36 za mkondo mnyoofu. Ukiufunga pembeni ya mlingoti unaweza kuuzungusha nyuzi 90 hadi 100 hivi, kutegemea urefu wa wenzo. Kwingineko hilo lingekuwa upungufu mkubwa; hapa linakaribia kutosha, maana upana wa mwale wa Yagi unaziba kilichobaki. Uzuri mwingine ni kwamba skrubu haizunguki kinyumenyume kwa upepo, kwa hiyo umeme ukikatika antena inabaki ilipo. Nunua mmoja tu ikiwa muuzaji ataujaribu mbele yako kwenda na kurudi mwisho hadi mwisho, na ukivua mfuniko usikute maji.

Rotata za dukani ndizo zenye bei ya kutisha, na ndizo watu huzinunua kubwa kuliko haja. Vipimo viwili ndivyo vya kulinganisha. Cha kwanza ni uzito wa antena kwa kilo ukizidisha na nusu kipenyo cha mzunguko wake kwa mita. Yagi ya kilo 12 inayozungukia mita 4.7 inapata 56 au zaidi kidogo. Antena ya pembe sita ya waya yenye kilo 11 na mita 3.3 inapata 36. Yaesu G-450, ndogo katika kundi la rotata nzito za kampuni hiyo, imepewa kikomo cha 100. Cha pili ni nguvu ya breki, yaani kinachoizuia antena isipeperushwe ikiwa imesimama: G-450 ina kilo-sentimita 3,000, G-800DXA ina 4,000, G-1000DXA ina 6,000. Kwa antena moja ya vijiti vitatu, G-450 inatosha. Ya katikati inafaa kwa anayepanga kuongeza antena ya pili juu ya mlingoti huohuo. Ya tatu ni ya Yagi ndefu za vijiti vitano na kuendelea, na hiyo Sumbawanga itadai mnara ambao bei yake itaimeza rotata.

Hy-Gain Ham IV ya Marekani ni imara na ina breki ya kabari inayoingia kwenye meno. Lakini tazama takwimu zake: ikifungwa ndani ya mnara inaruhusiwa antena ya mita za mraba 1.4, ikifungwa nje, juu ya bomba bila mnara kuizunguka, inabaki na 0.7. Mashine ileile, fedha ileile, nusu ya kazi. Ndiyo maana nilisema jukwaa la ndani lipangwe kabla ya kuchomelea. Rotata ndogo za antena za televisheni ni nafuu mno, na zinafaa kwa antena ndogo za megahezi 144; ukizipandishia Yagi ya mawimbi mafupi utazivunja meno msimu wa kwanza.

Sasa hesabu ya kuifikisha G-450 nchini. Katika maduka ya Marekani G-450 mpya hucheza kwenye dola 350 hadi 450. Tuseme 400, na usafirishaji 150. Tuseme tena ushuru wa forodha ni asilimia 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla. Unafika dola 714, na kwa shilingi 2,500 kwa dola ni kama milioni 1.78, kabla ya tozo nyingine, wakala na nauli ya kutoka Dar es Salaam. Mwombe wakala wako athibitishe kundi la ushuru kabla hujalipa kitu nje. Na kuna mtego: boksi la kuendeshea linalouzwa Marekani ni la volti 110 hadi 120. Lile la soko la Ulaya lina 220 hadi 230. Ukinunua la kwanza kwa kufuata bei, utaongeza transfoma, na ikiwa mota ni ya mkondo geu iliyozoea hezi 60, itazunguka polepole kwa hezi 50 zetu.

Waya wa kuendeshea ni sehemu moja ambapo Sumbawanga inakupendelea. Rotata za Yaesu nilizozitaja zinahitaji nyuzi 5 au 6, na waya wa trela wa nyuzi 7 unaouzwa kwa ajili ya malori ni mnene, umevalishwa vizuri na unapatikana. Ham IV inataka nyuzi 8, hivyo hapo umekwama au uvute waya mbili. Usitumie waya wa kompyuta. Ni mwembamba, na volti zitapotea njiani kabla ya kufika kwenye mota.

Juu ya rotata, kwenye kichwa cha mnara, weka bering ya kuongoza mlingoti. Ya kununua, mfano Yaesu GS-065, hupokea bomba hadi milimita 65, kwa hiyo la inchi mbili linaingia. Ya kutengeneza ni bering ileile ya tairi la gari, au hata kola ya plastiki ngumu iliyochongwa. Wengi hudhani bering hii ni ya kubeba uzito. Rotata hizi zimetengenezwa zibebe uzito wa kusimama, G-450 hadi kilo 100, na ukikaza bering ibebe nayo, kutofautiana kidogo kwa mstari kutaifanya mota ing'ang'anie. Faida kubwa ya bering ni siku ya matengenezo: unaikaza, inashika bomba na antena, unaichomoa rotata chini bila kushusha kitu. Mahali ambapo rotata iliyoharibika inaweza kusubiri kipuri miezi, hilo si jambo dogo.

Kebo ya antena iachiwe kitanzi kipana kuizunguka rotata, kwa sababu G-450 huzunguka nyuzi 450, yaani zaidi ya duara zima. Kitanzi kikibana, kebo ndiyo itakayokatika, na utalaumu redio wiki nzima. Kuhusu kutoboa bomba na kupitisha bolti ili lisiteleze kwenye vibano, wataalamu hawakubaliani. Mimi ningeacha vibano pekee kwa mwaka wa kwanza: upepo wa kupita kiasi ukija, afadhali antena iteleze nyuzi 20 kuliko meno ya rotata yavunjike. Alama ya rangi kwenye bomba na kwenye kibano itakuonyesha kama imeteleza.

Radi haitaki mjadala. Masika ya huku ni moja, Novemba hadi Aprili, na ngurumo zake ni nyingi. Kila mguu wa mnara uwe na erthi rodi yake, zote zifungwe pamoja na erthi ya nyumba. Grisi ya bering na ya rotata si njia ya kutegemewa ya umeme, kwa hiyo unganisha mlingoti na mnara kwa mkanda mwepesi wa shaba ulioachiwa nafasi ya kuzunguka. Ni kipande cha shilingi chache kinachosahauliwa na watu walionunua mashine ya milioni mbili. Wingu likikaribia, chomoa kebo ya antena na waya wa rotata pia, kwa sababu wote wanaochomoa kebo na kuusahau waya wa pili wameacha mlango wazi. Kwa anayetumia sola, rotata si mzigo mkubwa. Inakula umeme kwa dakika moja hivi ya mzunguko kisha inanyamaza. Inverta iwe ya wimbi safi, hasa ikiwa mota ya rotata yako ni ya mkondo geu.

Leseni na alama ya wito, inayoanza na 5H, vinatoka TCRA. Mnara ukiwa mrefu, au ukiwa karibu na kiwanja cha ndege cha Sumbawanga, peleka maombi ya urefu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuchimba, na halmashauri iulizwe kuhusu kibali cha ujenzi.

Msingi uchimbwe Mei, udongo ukiwa bado na unyevu, na zege lipewe siku 28 kabla ya kubeba chochote. Usimamishe asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala. Ukiwa na fedha za mlingoti wa inchi mbili, msingi na erthi tu, funga antena kwenye nyuzi 325 na uanze kuita. Sahani ya matundu 8 inaweza kuongezwa mwaka unaofuata bila kubomoa chochote, na rotata vilevile, mradi jukwaa lake limeshachomelewa mita moja na nusu chini ya kichwa cha mnara.